Filimbi ya Bata na Mkono wa Mkerezaji

Filimbi ya kuitia bata ni chombo kidogo cha mbao kinachoenea kiganjani, na kazi yake ni moja tu: kumwigiza bata jike hata wenzake wanaopita angani wageuke na kutua majini. Ina sehemu mbili. Mwili ni bomba linalopulizwa. Mkia huchomekwa ndani ya mwili huo, nao hubeba ubao wa sauti na ulimi mwembamba. Pumzi ikipita, ulimi hutetemeka na sauti hutoka. Filimbi ya mti mmoja, isiyo na pambo lolote, hulia sawasawa. Kwa hiyo ile iliyokerezwa kwa mbao za tabaka, rangi juu ya rangi, inastahili heshima ya pekee: bata hawaioni nakshi yake, lakini fundi aliitia.

Ufundi huu ni wa Marekani, na ulistawi zaidi katika bonde la mto Mississippi, ambalo ni njia kuu ya bata wanaohama. Fred Allen wa Monmouth, Illinois, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuza filimbi hizi, katika miaka ya 1860. Kwenye ziwa Reelfoot, Tennessee, lililotokana na matetemeko ya ardhi ya 1811 na 1812, Victor Glodo alisifika kwa filimbi zenye ulimi wa metali. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutumia bata hai kuwavutia wenzao, na mwindaji akabaki na sanamu za bata na pumzi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata mji wa Stuttgart, Arkansas, ulianzisha mashindano ya kuita bata, na hadi leo mji huo unajulikana kwa mashindano hayo.

Kazi huanzia kwenye gundi. Fundi huchagua mbao kwa rangi na kwa tabia: mepo kwa weupe, mjozi kwa rangi ya kahawia, na wengine huagiza mpingo kutoka Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya weusi na ugumu wake. Nyuzi za vipande vyote hulazwa upande mmoja, ili hewa ya unyevu ikija vitanuke pamoja visiachane. Mbao zenye mafuta hupanguswa mafuta hayo kwanza, la sivyo gundi haishiki. Kisha vipande hubanwa na kuachwa hadi siku ya pili.

Nakshi inayopendwa sana ni ile ya fundo la pete nne. Kipande cha mraba, chenye upana wa sentimita 4 hivi, hukatwa mshazari kwa msumeno, karibu kukiacha vipande viwili lakini si kabisa. Ndani ya mkato hutiwa utepe wa mbao wa rangi nyingine, wenye unene uleule wa njia ya msumeno. Gundi ikikauka, kipande huzungushwa robo na kukatwa tena, mpaka pande zote nne zipite. Utepe ukizidi unene kidogo tu, mistari haikutani. Kipande kikiwekwa nje ya kitovu cha mashine ya kukereza kwa nusu milimita, upande mmoja hunenepa na wa pili hukonda, na tofauti huonekana maradufu. Lakini kazi ikienda sawa, patasi inapoondoa pembe za mraba, tepe zilizokuwa zimenyooka hujikunja kuwa pete na kupishana kuuzunguka mwili wote. Fundi alizipanga akiwa hazioni.

Tundu la mwili, mara nyingi la milimita 16, hutobolewa polepole, na keekee huvutwa nje kila mara kutoa unga wa mbao, maana joto hulegeza gundi. Kisha mwili hukerezwa, hupigwa msasa mpaka uwe laini, na mdomoni mwa tundu huvishwa pete ya shaba inayouzuia kupasuka.

Mwisho huja sauti. Ubao wa sauti huchongwa kwa mwinuko mdogo sana, ulimi wa plastiki nyembamba hulazwa juu yake, na kabari ndogo huushika. Hapo fundi hupiga tupa, hupuliza, husikiliza, hupiga tena. Akizidisha, sauti huharibika, na mkia hutupwa. Hakuna kipimo kinachochukua nafasi ya sikio lililozoea bata wa kweli alfajiri.

Viwandani, filimbi za plastiki hutoka kwa maelfu, zote sura moja na sauti moja. Zinalia, tena ni rahisi. Zikipotea matopeni hakuna anayerudi kuzitafuta. Hasara iko hapo: mtu hakitunzi kitu asichojua kimegharimu nini. Hata wapenzi wa filimbi za tabaka wana lawama yao. Wengi huzinunua na kuzifungia katika makabati ya vioo, ulimi ukakauka kimya, na mafundi wengine wameanza kujali nakshi kuliko sauti kwa kuwa mnunuzi hapulizi. Hivyo urithi huu unadhulumiwa mara mbili: chombo cha kazi kimepoteza uzuri wake, na chombo kizuri kimepoteza kazi yake.

Filimbi isiyopulizwa imekamilika nusu tu. Mwenye nayo na aitoe kabatini, aipeleke majini, na amfundishe mtoto wake kuipuliza. Na anayetaka kununua, kabla ya kuuliza bei, aiweke kwanza mdomoni.