Chupa ya Zamani na Chupa ya Leo: Neno Juu ya Whisky na Munkoyo

Kuko watu wenye kukusanya chupa za whisky kama vile wengine wanakusanya vinyago. Wamoja wanazifunga ndani ya kabati miaka 30 bila kuzigusa. Wengine wanazifungua, wanaweka ya zamani na ya leo juu ya meza moja, wanaonja. Mara nyingi tunachanganya desturi hizo mbili. Sisi tunaziachanisha, maana moja tunaisifu na nyingine tunaikataa.

Kwanza, tuone namna whisky inafanyika. Kwao Scotland, shayiri inaloweshwa mpaka inaota, inakaushwa, inasagwa, inachachishwa, kiisha inapikwa na mvuke wake unakusanywa. Sheria inaomba ilale ndani ya pipa la mti wa mwaloni kwa uchache miaka 3, na kileo kisishuke chini ya 40 kwa mia. Kila mwaka karibu 2 kwa mia inapotea hewani; wenyewe wanaiita sehemu ya malaika. Pipa ndilo linaipa rangi na sehemu kubwa ya harufu. Lakini siku inaingia katika chupa, kukomaa kunasimama. Whisky ya miaka 12 iliyofungwa mwaka 1970 ingali ya miaka 12 hata leo. Hapo watu wengi wanapotea: wanahesabu uzee wa chupa, wanasema ni uzee wa kinywaji.

Pili, wale wenye kufunga. Mwezi wa 11 mwaka 2023, kule London, chupa moja ya Macallan ya 1926 iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ilikaa pipani miaka 60, na chupa 40 tu zilitoka. Kwa bei hiyo, nani atathubutu kuifungua? Tena feza nyingi inaita udanganyifu. Mwaka 2017, hoteli moja ya Uswisi iliuzia mgeni kilauri kidogo cha Macallan iliyoandikwa 1878, kwa karibu faranga 10 000 za kule. Ilipopimwa, ikaonekana ilipikwa karibu na mwaka 1970. Mwenye hoteli, ambaye naye aliiamini, alimrudishia feza yake. Kwa kweli yule mgeni alikunywa etiketi.

Tatu, wenye kuonja. Hao wanafanya kazi ya maana. Zamani divai ya sherry ilifika Uingereza ndani ya mapipa, na mapipa hayo yalilaza whisky. Kisha miaka ya 1980 ikawa inafungwa katika chupa kwao Hispania, na mapipa ya namna ile yakakosekana. Mwenye kuonja ya zamani na ya leo pamoja anasikia mabadiliko hayo kwa ulimi wake: hii imebaki, hii imepotea. Chupa iliyofunguliwa inakuwa shahidi.

Sasa, sisi watu wa Katanga? Munkoyo yetu haingoji. Ni unga wa mahindi, maji na mizizi. Ikipita siku chache imeisha kuwa kali. Hakuna mtu atatuletea chupa ya munkoyo ya 1970 tuilinganishe na ya leo. Shahidi wetu ni ulimi wa wamama wazee, na hao wanatutoka kila mwaka. Wakati uleule, katika saloni zetu tunapanga chupa tupu za whisky juu ya kabati, na katika orodha ya mali ya kuoa tunaandika jina lake kwa herufi kubwa. Hatukatai zawadi ya mjomba. Lakini uliza kijana ni muzizi gani unatiwa katika munkoyo, unapondwa namna gani, unatiwa wakati uji ungali moto ao ukiisha kupoa: ananyamaza. Hata sisi walimu, wengi tunanyamaza.

Basi tusiige wenye kufunga, tuige wenye kuonja. Kila mmoja aende na daftari kwa nyanya yake, akae karibu na chungu, aandike kila kitu, kiisha apike yeye mwenyewe. Nyanya aonje, aseme nini inakosekana. Tufanye hivyo mwaka huu, wangali wazima.