Wasioridhika na Rangi

Ukungu ute haupewi jina ungali unatembea. Baada ya mvua hutambaa juu ya gogo bovu kama uji wa manjano uliomwagika, ukila bakteria, na hapo hata bingwa husita. Sharti usubiri utulie, ukauke, ujigeuze vijiti vyenye vichwa vya spora, virefu kwa milimita chache tu. Ndipo waanze kazi wale ninaowasifu, watu wasioridhika na rangi.

Rangi ni tapeli. Stemonitis fusca na Stemonitis axifera zote husimama juu ya gogo kwa vishungi vya kahawia, na picha ya simu, hata iwe safi namna gani, haizitenganishi. Mjuzi hung’oa kijiti kimoja kwa kibanio, akakipuliza polepole spora ziruke, akakidondoshea spiriti ya kufukuza hewa, maana spora hizi hukataa maji. Kwenye hadubini hubaki nyuzi. Zikiwa zimeungana pembezoni kuwa wavu, hiyo ni Stemonitis. Zikiishia huru, tafuta kwenye Comatricha. Kisha zigeukiwe spora: za fusca zimechorwa wavu, za axifera ni karibu laini, upana wake mikroni 5 hadi 7. Jioni nzima yaweza kwisha hapo, na jina lisipatikane.

Gulielma Lister wa Uingereza alizimaliza jioni nyingi namna hiyo. Baba yake, Arthur, mfanyabiashara wa mvinyo, alitoa kitabu kikubwa cha viumbe hawa mwaka 1894. Binti akakisahihisha na kukipanua mwaka 1911, tena 1925, akitia picha alizozichora mwenyewe. Kutoka Japani, Minakata Kumagusu alimpelekea sampuli, mojawapo ikitoka kwenye mti wa bustani yake mwenyewe. Mwaka 1921 Gulielma aliipa jina Minakatella.

Mwaka 1929 Minakata alimhutubia Mfalme Hirohito, naye mpenzi wa viumbe hawa, ndani ya manowari Nagato, akamkabidhi sampuli 110 ndani ya masanduku ya peremende za karameli. Wengi huisimulia kama kichekesho. Mimi naona alichagua vyema: sanduku la karatasi ngumu hufunguka kwa urahisi, na vichwa hivi huvunjika kwa mtikiso mdogo tu wa kifuniko kilichokwama.