Chati ya Uchungu Isiyouliza Uchungu

Patografu ni karatasi moja tu, lakini inasimulia vizuri kuliko hadithi nyingi fupi nilizosoma. Mkunga anachora X kuonyesha shingo ya kizazi imefunguka kiasi gani, na nukta kwa mapigo ya moyo wa mtoto. Mikazo ya tumbo ina visanduku vyake: vitone kama haikufika sekunde 20, mistari ya mshazari kati ya 20 na 40, na kisanduku kizima kinajazwa ikizidi 40. Mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilichorwa na Philpott na Castle nchini Rhodesia mwaka 1972, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue lini ampe mama rufaa. X zikivuka mstari wa pili, uamuzi haungoji: dawa ya kuongeza uchungu, kumvuta mtoto kwa vakyumu, au upasuaji.

Ila mhusika mkuu hasemi neno. Kiswahili kimeliita tendo lenyewe uchungu, na mkunga huuliza, "Uchungu ulianza saa ngapi?" Chati inapokea saa, muda na idadi. Unauma kiasi gani, hakuna kisanduku.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya yenye mambo manne yaliyokosekana: mtu wa kukaa na mama, kupunguziwa maumivu, kinywaji na mkao. Matatu ya kwanza yana herufi: Y, amepata, N, hajapata, D, amekataa. Ni hatua kubwa. Lakini nikiisoma huku nikiwawaza wanawake wa Tarime na Serengeti, hiyo D inanisumbua.

Kwa Wakurya, msichana anayekeketwa hutarajiwa asilie. Akilia, aibu ni ya nyumba nzima. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini waliokwisha kukeketwa wanakwenda leba na somo lao. Wanakwenda na kovu pia. Utafiti wa shirika hilohilo uliochapishwa mwaka 2006, wa wanawake 28,393 katika nchi sita za Afrika (Tanzania haikuwamo), ulionyesha kwamba ukeketaji unaongeza hatari ya upasuaji, kutokwa na damu nyingi na kufiwa na mtoto mchanga, hasa kwa aina zilizo nzito. Anayehitaji zaidi kusema ndiye aliyefunzwa kunyamaza. Akiulizwa kama apunguziwe maumivu, akatikisa kichwa, mkunga ataandika D. Aliyekataa ni yeye, au ni siku ile ya kisu?

Kliniki humpima mjamzito shinikizo la damu, wekundu wa damu, mkojo, kaswende na VVU miezi mingi kabla. Hapo ndipo pa kumweleza njia za kupunguza maumivu zilizopo kituoni, kwa Kikurya ikibidi, na kumuuliza anataka nini. Na leba aulizwe tena, kabla D haijaandikwa.