Magofu ya Pate katika Inkishafi: Mshairi Anaporudi Kwao

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa dhamira ya Inkishafi hujibu kwa sentensi moja: mshairi anaonya kuwa dunia ni ya kupita na anasa zake hazidumu. Jibu hilo si kosa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa mtu wa dini, na mwishoni utenzi wake unazitaja adhabu za moto kwa majina. Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumesikia mawaidha na kuliacha shairi. Tenzi za mwambao zenye onyo kama hilo ni nyingi. Mbona huu ndio unaotusisimua hadi leo?

Naona ni kwa sababu mshairi hasemi juu ya dunia tu. Anasema juu ya kwao. Pate, mji wa kisiwani kaskazini mwa Lamu, ulikuwa na utajiri mkubwa kabla ya kudidimia, naye anaurudia kwa kumbukumbu, chumba baada ya chumba. Anakumbuka taa zilizougeuza usiku kuwa mchana. Anakumbuka sahani zilizopangwa katika zidaka za ukutani. Halafu anatuonyesha zidaka zizo hizo zilivyo sasa.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu tusimame kidogo. Wanafunzi huorodhesha popo, ndege, bundi na nyende, kisha huandika "taswira za uharibifu". Tusome kwa makini zaidi. Darini mshairi anataja makinda ya popo. Katika zidaka za sahani wamelala wana wa ndege. Kwa nini ataje watoto? Nyumba iliyoacha kulea watu sasa inalea viumbe wengine, na uwanja umerudi kuwa mwitu. Maumbile hayakuja kubomoa tu, yamehamia, yakazaa. Nadhani hilo ndilo linalomuumiza mshairi zaidi kuliko kuta zilizopasuka: pamejaa uhai, ila si uhai wa jamaa zake.

Nilielewa hivyo nilipowapeleka wanafunzi kuyaona magofu ya Gede, karibu na Malindi. Mji ule ulihamwa mnamo karne ya 17, na msitu ukaufunika hadi wachimbuaji walipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanafunzi mmoja alitazama mizizi iliyoukumbatia ukuta, akauliza: "Mwalimu, ukikatwa mti huu, ukuta si utaanguka?" Sikuwa na jibu la haraka. (Tangu hapo sijaandika "uharibifu" ubaoni bila kusita.)

Basi ikiwa maumbile yamezichukua nyumba, mshairi amebakiwa na nini? Amebakiwa na majina. Anauliza wako wapi waungwana, mawaziri na makadhi, na katikati ya maswali hayo anamtaja Ali bin Nasir. Tazama tena jina la mshairi mwenyewe. Wengi hupita hapo mbio wakitafuta maswali ya balagha ya kunukuu, ilhali mtu anamwulizia babake. Swali la balagha halihitaji jibu, lakini hapa jibu linajulikana mno: wamo kaburini, katika nyumba finyu zisizo na taa wala sahani.

Mwenzangu mmoja hupinga usomaji huu. Anasema mshairi analaumu fahari ya watu hao, hawalilii. Ana hoja, kwani moyo unaohojiwa tangu mwanzo unakaripiwa kwa kupenda dunia. Hata hivyo, anayelaumu tu hana haja ya kukumbuka mahali sahani zilipokaa. Mshairi anaukanya moyo wake kwa sababu unapenda, na beti za nyumba ndizo ushahidi wa mapenzi hayo.

Fani nayo isitengwe. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti hubadili kina, wa nne hurejelea kina kile kile, -ye, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mshororo una mizani kumi, si minane iliyozoeleka katika tenzi, nayo hukatika baada ya sita. Msomaji hulazimika kupunguza mwendo. Mtahiniwa anayetaja vina na mizani kwa tarakimu pekee hupata alama yake. Mwambie ausome ubeti kwa sauti, polepole, kabla ya kuhesabu, kisha umwulize ni nani aliyekuwa akiishi katika nyumba ile.