Ugomvi wa Hemani

Msomaji, bila shaka umewahi kugombana na rafiki. Huenda neno lililozusha ugomvi lilikuwa dogo: kitabu kilichoazimwa kisirudishwe, au mzaha uliosemwa mbele ya watu. Hasira ilipopoa ulijiuliza: neno dogo kama lile liliwezaje kuwasha moto mkubwa kama ule? Swali hili limesumbua watu wa kila zama. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar limo onyesho moja linalolijibu vizuri kuliko mawaidha mengi, nami nakuomba ulitazame pamoja nami.

Tamthilia hiyo iliandikwa kadiri ya mwaka 1599. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963. Kisha akaisahihisha, ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi waisomao hukumbuka mauaji ya Caesar, na hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti. Ni haki yao, kwa kuwa mambo hayo yana kishindo. Lakini mimi nataka tuingie mahali pasipo umati: hemani mwa Brutus, karibu na mji wa Sardis, katika sehemu ya nne ya mchezo. Caesar amekwisha kufa. Brutus na Cassius, viongozi wa waliomwua, wanakusanya majeshi ili wapigane na Antony na Octavius. Adui yuko njiani. Nao, badala ya kushauriana juu ya vita, wanagombana wao kwa wao.

Cassius analalamika kwamba Brutus amemwadhibu Lucius Pella kwa kosa la kula rushwa, bila ya kujali barua za kumwombea alizoandika yeye Cassius. Brutus anamjibu kuwa hata yeye Cassius mwenyewe anasemwa kuwa ana mkono wa tamaa. Cassius anatishia, Brutus anamdharau. Neno linazaa neno. Brutus analeta shtaka la pili: aliomba dhahabu ya kuwalipa askari, akanyimwa. Hapa, msomaji, kuwa macho. Brutus anasema kwamba yeye hawezi kupata fedha kwa njia mbaya. Papo hapo anakasirika kwa kuwa hakugawiwa fedha za mtu anayemshutumu kuzipata kwa njia hiyo hiyo! Mtu mwenye akili kama Brutus hakosi kuona kasoro hiyo akiwa ametulia. Kutoiona kwake ni dalili kwamba anayesema si akili yake. Ni kitu kingine.

Kitu hicho ni nini? Shakespeare hatuambii upesi. Kwanza anamfikisha Cassius mahali pa kuvunjika moyo. Cassius analia kwamba rafiki yake amehesabu makosa yake yote kama mtu aandikaye daftarini. Kisha anatoa jambia, anafunua kifua, na kumwambia Brutus amchome. Hapo Brutus analegea. Wanashikana mikono. Cassius anakiri kuwa ukali wake ameurithi kwa mama yake, na Brutus anaahidi kwamba tangu siku ile, Cassius akimkaripia, atadhani ni mama yake Cassius anayekaripia, aliache neno lipite. Ni mzaha mdogo, lakini ni mzaha wa watu waliopatana. Wahenga walisema kweli: wagombanao ndio wapatanao.

Ndipo Cassius, akistaajabu, anasema hakudhani kuwa Brutus aweza kukasirika namna ile. Brutus anajibu kuwa ana majonzi mengi. Kisha analitoa neno alilolifunga kifuani muda wote: Portia, mke wake, amefariki. Hofu na uchungu wa kutengana na mumewe, na habari za nguvu za maadui, vilimshinda, akajitoa uhai. Cassius anashangaa jinsi alivyosalimika asiuawe alipombishia mtu aliyebeba msiba kama huo.

Ukilijua neno hilo, rudi nyuma ulisome onyesho lote upya. Utaona kwamba ugomvi haukuwa wa Lucius Pella, wala haukuwa wa dhahabu peke yake. Huzuni iliyonyimwa mlango wa machozi ilitafuta mlango wa hasira, na aliyekuwa amesimama mlangoni alikuwa rafiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wako wasomaji wanaomsifu Brutus kwa ugumu wa moyo wake. Wanasema kwamba mwanamume wa Kirumi alipaswa kuvumilia bila ya kuonyesha uchungu, na kwamba Brutus ni mfano bora wa uvumilivu huo. Nakubali kwamba uvumilivu ni pambo la utu. Lakini sikubali kwamba kuvumilia na kuficha ni kitu kimoja. Mwenye kuvumilia hubeba mzigo wake akijua kuwa ni mzigo. Mwenye kuficha hujidanganya kuwa hana mzigo, akawatwisha wengine uzito wake bila ya kuwaambia ni wa nini. Tazama pia kwamba Portia alikwisha kulijua jambo hili. Katika sehemu ya pili ya mchezo alimwomba mumewe amweleze siri iliyomnyima usingizi, akisema kuwa mke asiyeshirikishwa mawazo ya mumewe hana haki kamili ya mke. Brutus aliyaona maneno hayo kuwa mema. Lakini aliyaona mema tu. Hayakuwa tabia yake.

Lipo fumbo ambalo wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Baada ya Brutus kumweleza Cassius habari za Portia, anaingia Messala, naye anauliza kama Brutus amepata habari zo zote za mkewe. Brutus anasema hakupata! Messala anampa habari ya kifo, na Brutus anaipokea kwa utulivu kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Messala anamsifu kuwa hivyo ndivyo wakubwa wanavyobeba misiba mikubwa. Wataalamu wengine husema kwamba Shakespeare aliandika habari hii mara mbili, na wapiga chapa wa mwaka 1623 wakaziacha zote mbili kwa makosa. Wengine husema Brutus alijifanya makusudi ili awatie moyo maofisa wake. Sitakulazimisha kuchagua. Nakutaka ulinganishe mavuno ya kila namna. Kwa kuficha, Brutus alipata sifa ya Messala. Kwa kusema, alipata moyo wa Cassius. Vita vikiwa karibu, kipi chenye manufaa zaidi?

Wala usidhani kuwa namwondolea Cassius lawama. Urafiki wao ulitiwa hila: ni Cassius aliyemvuta Brutus katika njama kwa kumsifu, na kwa kumtupia dirishani barua za uongo zilizojifanya kuwa sauti za raia. Mwenye kutia sifa za uongo katika urafiki asishangae akifikiwa na ukweli kwa namna ya matusi. Katika ugomvi wao Cassius anadai kuwa rafiki avumilie udhaifu wa rafiki. Brutus anadai kuwa kosa lisifichwe. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Rafiki asiyeona kosa lako ni mwenye kukusifu tu. Rafiki asiyeona kitu kingine ila kosa lako ni hakimu. Urafiki unataka zote mbili, jicho la kuona na moyo wa kustahi.

Mapatano yenyewe, ingawa ni mazuri, yana dosari, na hapa ndipo naona ustadi mkubwa wa mwandishi. Mara baada ya kupatana wanashauriana juu ya vita. Cassius anataka wangoje adui aje kwao akiwa amechoka. Brutus anataka waende Philippi. Cassius, asiyetaka kumuudhi tena rafiki mwenye msiba, anakubali upesi. Kumbe hakukubali moyoni: siku ya vita anamwambia Messala kwamba amelazimika kuweka uhuru wao wote juu ya pigano moja kinyume cha nia yake. Vita vya Philippi vilipiganwa mwaka 42 kabla ya Kristo, na wote wawili walikufa huko. Katika mchezo huu kimya kimeharibu mara mbili: kwanza kimya cha Brutus kilichozaa ugomvi, kisha kimya cha Cassius kilichojiita amani. Kunyamaza ili usigombane si lazima kuwe kupatana.

Karibu na mwisho wa onyesho lipo jambo dogo ambalo wasomaji wenye haraka hulipita. Wageni wameondoka. Brutus anamwomba kijana wake Lucius ampigie muziki. Kijana anapiga kidogo, usingizi unamchukua. Jemadari huyu, aliyekuwa akinguruma saa chache zilizopita, hamwamshi. Anakiondoa chombo cha muziki taratibu mikononi mwake kisije kikavunjika, kisha anatafuta ukurasa alioukunja katika kitabu chake. Mtu ni yule yule, msiba ni ule ule. Lakini sasa msiba umekwisha kutajwa mbele ya rafiki, na mkono uliokuwa mgumu umekuwa laini.

Basi utakapougua moyo, na rafiki akakujia na neno dogo lisilokupendeza, likumbuke hema la Sardis. Kabla ya kuyahesabu makosa yake, jiulize ni nani kwako aliyekufa, au ni tumaini gani lililozimika ambalo hujalitaja kwa mtu. Litaje kwanza. Huenda ugomvi ukakosa kuni.