Kitabu cha Kichwamaji na Mashaka ya Vijana Wetu

Huku Goba, pembeni mwa mji wa Dar es Salaam, hapo zamani palikuwa mashamba na vichaka. Leo nyumba zimepanda vilima, na wako vijana waendao kusoma Chuo Kikuu kule Mlimani. Wazazi huwaombea wafaulu. Lakini wengine hurudi na vyeti vyao pamoja na swali zito: Je, Mungu yuko? Kwa ajili ya hao twapenda kukipima kitabu cha Kichwamaji, alichokitunga Euphrase Kezilahabi, kikapigwa chapa Nairobi mwaka 1974.

Mwandishi huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 2020. Basi dini yetu hakuijua kwa kusikia tu. Kitabu chake cha kwanza, Rosa Mistika (1971), kilikatazwa shuleni kwa muda, na huenda msomaji mwingine atasema kwamba Kichwamaji nacho kisiingie katika nyumba ya Mkristo. Sisi hatukubali.

Habari yake ni hii. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, ndiye asimuliaye. Dada yake Rukia amepotoshwa na Manase, mtu mwenye cheo. Kisasi, uasherati na maradhi vyaingia katika nyumba zao. Kazimoto amwoa Sabina, dada wa Manase, lakini ndoa haimponyi moyo. Elimu imemtenga na wazee wake, wala haikumpa makao mengine. Mwisho ajiua.

Sifa kuu ya kitabu hiki ni ukweli wake. Mwandishi hakumfanya asiyeamini kuwa mpumbavu, apate kumshinda upesi. Kazimoto afikiri, ahuzunika, tena ajihukumu mwenyewe. Wala matunda ya uasherati hayakufichwa. Asomaye hawezi kuyatamani.

Hata hivyo kina kasoro. Mawazo ya Kazimoto humzunguka yeye mwenyewe, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, azungukaye hata kamba ikaisha. Huwatazama wanakijiji kwa mbali. Ni mara chache auchukuapo mzigo wa mwingine. Kwamba maisha yake mtu huyo yamekosa maana, mwandishi atuonyesha, nasi twasadiki. Lakini kwamba maisha ya watu wote hayana maana, hilo halikuthibitishwa.

Tukiisha kumhukumu Kazimoto, swali latugeukia. Kama angekaa Goba leo, angemwendea nani? Mara nyingi kijana aulizapo huambiwa kwamba ana kiburi cha elimu, au ana pepo, au azidishe sala na kunyamaza. Maneno hayo humfunga kinywa. Mashaka hayatoki, hujificha tu. Tukumbuke Kitabu cha Ayubu. Rafiki zake waliitetea haki ya Mungu kwa maneno mazuri, na Mungu aliwakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelalamika. Walianza vema walipoketi naye chini siku saba kimya. Waliharibu walipofungua vinywa kumshitaki.

Kwa hiyo twawashauri waalimu, wachungaji na wazazi wakisome kitabu hiki wenyewe kwanza. Si chakula cha watoto wadogo. Lakini kijana aliyekomaa na wasome pamoja naye, wamwulize ni wapi Kazimoto alipokosa njia, na ni nani angaliweza kumshika mkono. Kisha wamsikilize bila haraka ya kujibu. Na kijana akianza kusema juu ya kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja: aketi na mtu ampendaye, apelekwe kwa mganga wa hospitali, na kuombewa pia. Imani inayoogopa swali la mwana wake haitamfikia mwana wa jirani.