Mtu akiitwa kitabu: Uhakiki wa Maktaba ya Watu

Masimulizi ya maisha, yaani mtu kumweleza mwenzake aliyoyapitia, hayajapata nafasi imara katika uchambuzi wa fasihi simulizi. Wanahistoria na wanaanthropolojia huyachukua kama ushahidi. Wahakiki huyaacha mlangoni, kana kwamba utungo hauanzi mpaka pawe na sungura au shujaa. Maktaba ya Watu, iliyoanzia nchini Denmark, yalazimisha suala hili lirudiwe, kwa kuwa imejivika msamiati wa fasihi andishi: kitabu, msomaji, anwani, kuazima.

Mwaka wa 2000, katika tamasha la muziki la Roskilde, vijana wa chama cha Stop Volden kilichopinga ukatili, Ronni Abergel akiwa miongoni mwao, waliwaalika wahudhuriaji waje kuazima watu. Mpango uliendelea kwa siku 4, saa 8 kila siku. "Vitabu" vilikuwa zaidi ya 50, na wasomaji walizidi 1,000. Mwenye kuazima huchagua anwani katika orodha, kwa mfano Polisi, Mkimbizi, au Asiye na Makazi, kisha huketi na mtu huyo kwa nusu saa hivi na kumwuliza analotaka. Msimulizi amejitolea bila malipo, naye ana haki ya kukataa swali. Mwaka wa 2006 mji wa Lismore, Australia, ulianzisha maktaba ya kudumu ya namna hiyo, na mtindo huo umeenea katika nchi nyingi.

Kwanza, anwani. Mtungaji wa kitabu huchagua jina la kudokeza na kuficha; hapa jina ni ile chuki yenyewe ya mtaani, imewekwa hadharani makusudi. Hoja ya waanzilishi ni kwamba msomaji avutwe na neno analoliogopa, halafu neno hilo livunjike mbele ya uso wa mtu. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, aliyeandikwa "Mkimbizi" huulizwa ukimbizi. Kwamba aliwahi kuwa mwalimu, kwamba ana mama mgonjwa au anapenda kupika, hizo ni kurasa ambazo hazifunguliwi asipokuwa na werevu wa kuzifungua mwenyewe. Hapo ndipo fanani hodari anapotambulikana: hujibu swali aliloulizwa kwa kupitia lile ambalo hakuulizwa.

Tena simulizi hurudiwa. Inayotolewa jioni, baada ya wasomaji kadhaa, si ile ya asubuhi. Mahali pa kunyamaza pamekwisha kujulikana, na mzaha umepata nafasi yake. Wako watakaouita huo unafiki, lakini mtu aliyezoea kusikiliza wasimulizi wa hadithi hawezi kukubaliana nao, kwa maana ndivyo kila hadithi ilivyokomaa. Hatari iko kwingine. Mtu anayesimulia jeraha lake mara nyingi hujifunza ni sehemu gani inayomgusa mgeni, na polepole mgeni ndiye anayeitunga hadithi.

Hapo sitiari ya kitabu inapotosha kabisa. Kitabu hakimwoni msomaji wake. Mtu humwona, humpima umri na mavazi, akabadili maneno. Lakini mpango mzima umejengwa juu ya maswali ya upande mmoja. Katika desturi ya Waswahili, na ya majirani zao wengi, mgeni hubisha hodi, huulizwa habari za atokako, ndipo naye hupata ruhusa ya kuuliza za nyumba. Udadisi usiotanguliwa na salamu hizo huitwa umbeya, hata ukiwa na nia njema.

Kongo inao mfano unaoigeuza sitiari hiyo juu chini, yaani kitabu kilichohitaji mtu. Mwaka wa 1965, chini ya jina la André Yav, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilitoa kijitabu cha historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko huko. Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri mwaka wa 1990. Tahajia yake na mipaka ya sentensi zake vilikuwa vigumu mno kufuatwa kwa jicho peke yake, hata ikabidi Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, akisome kwa sauti ndipo maana ikae sawa.

Tofauti na Roskilde ni kubwa. Watumishi hao hawakukaa wakingojea mgeni awaulize. Maboyi wa zamani, waliokaa miaka mingi katika nyumba za mabwana wakiona na kusikia, walijiamulia wenyewe lipi litangulie, wakaandika historia ya mji na ya ukoloni badala ya orodha ya mateso ya mtu mmoja mmoja. Bila shaka msomaji wa nusu saa angewauliza walipigwa mara ngapi, wala asingefikiri kuwauliza mji ulianzaje. Walitumia lugha waliyoisema, pamoja na kasoro zake zote za maandishi, na kwa sababu hiyo sauti zao zingali zinasikika baada ya wenye kusema kuondoka. Mazungumzo ya Maktaba ya Watu, kwa kawaida, huisha msomaji anapoinuka kitini.

Mtindo wa Roskilde waweza kufaa katika miji ya Kongo, ambako majirani wa asili mbalimbali wamepeana majina mabaya tangu enzi za kambi za wafanyakazi. Lakini afadhali neno "kitabu" liachwe. Msimulizi apewe nafasi ya kujitaja mwenyewe kabla ya kutajwa katika orodha, na aliyekuja kusikiliza aulizwe kwanza atokako.